Timu Yako ya Besiboli Inafungwa Kila Siku: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kumtafuta Mchawi

Anayefuatilia ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, akiwa Nairobi au Dar es Salaam, hulipia mapenzi yake kwa usingizi. Msimu wa kiangazi, mechi inayoanza saa moja jioni New York kwetu ni saa nane usiku. Ukikesha hivyo halafu timu ikala vipigo vitano mfululizo, asubuhi yanakuja maneno mawili: kocha afukuzwe, au ligi imenunuliwa na matajiri.

Kuna siku maneno hayo ni kweli. Siku nyingi tatizo liko kwingine, na shabiki aliyelaumu pasipohusika anaishia kushangilia dawa isiyotibu. Hapa nimepanga malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa mashabiki wenzangu, kila moja na sababu zake na namna ya kuzitenganisha.

Kwa aliyeingia juzi: ligi ina timu 30, zilizogawanywa kati ya American League na National League, kila moja hucheza mechi 162, na timu 12 huingia hatua ya mtoano mwezi Oktoba. Hakuna kushuka daraja. Timu nzuri sana hushinda mechi 60 katika kila 100, na mbovu sana hushinda 40 au pungufu. Kwa hiyo hata bingwa hufungwa mara nyingi mno ukimlinganisha na bingwa wa soka. Kuzoea hilo ndiyo hatua ya kwanza.

Vipimo viwili vya kuanzia

Kipimo cha kwanza ni tofauti ya alama. Unaijua tayari kutoka kwenye soka kama tofauti ya mabao: alama ulizofunga ukitoa ulizofungwa. Kanuni rahisi ni kwamba kila alama 10 ni sawa na ushindi mmoja juu au chini ya 81, ambao ndio nusu ya msimu. Timu yenye +50 inastahili ushindi kama 86, na yenye −50 inastahili kama 76. Mchambuzi Bill James alitoa hesabu kamili zaidi: zidisha alama za kufunga kwa zenyewe, fanya hivyo pia kwa za kufungwa, kisha gawa ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Unapata sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda.

Kipimo cha pili ni idadi ya mechi zilizochezwa. Timu ya wastani kabisa, yenye nafasi nusu kwa nusu kila siku, inaweza kumaliza msimu na ushindi 75 au 87 kwa bahati tu, bila mtu yeyote kucheza vizuri au vibaya kuliko alivyo. Katika mechi 16 za mwanzo, ushindi 6 na vipigo 10 havikuambii kitu.

Vipimo hivi viwili huchukua dakika tano. Vichukue kabla ya kusoma maoni ya mtu mwingine yeyote.

Dalili: tumeanza vibaya

Washington Nationals ya mwaka 2019 ilianza na ushindi 19 na vipigo 31. Wengi walitaka kocha Dave Martinez aondoke. Hakuondoka, na Oktoba ileile timu ikabeba World Series, fainali ya ubingwa, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Chicago White Sox ya 2024 nayo ilianza vibaya, ushindi 3 na vipigo 22, ikamaliza na vipigo 121, idadi ambayo hakuna timu nyingine imewahi kuifikia tangu mwaka 1900. Colorado Rockies ya 2025 ilianza na ushindi 7 na vipigo 33, ikamaliza na vipigo 119.

Utazijuaje mapema? Angalia mambo mawili. Je, kuna mtu muhimu aliyeumia ambaye atarudi? Nationals ilimkosa Trea Turner kwa wiki kadhaa baada ya kuvunjika kidole mapema Aprili. Na je, vipigo ni vya alama moja au mbili, au timu inasagwa? Rockies ilifungwa 21–0 nyumbani na San Diego mwezi Mei, na mwisho wa msimu tofauti yake ilikuwa −424. Timu inayosagwa hivyo haina bahati mbaya, ina kikosi kibovu.

Kama hakuna dalili ya kusagwa, subiri mechi 50. Ninajua ni kusubiri kwa uchungu.

Dalili: tunacheza vizuri lakini tunafungwa kwa alama moja

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu kuliko zote, na San Diego Padres ya 2023 ndiyo kesi ninayoirudia kila nikipata nafasi. Ilifunga alama 752, ikafungwa 648. Tofauti ya +104 ni ya timu ya ushindi 92 au 93. Ikamaliza na 82 na kukosa mtoano. Ushindi kumi ulipotelea wapi? Katika mechi zilizoamuliwa kwa alama moja ilishinda 9 na kupoteza 23. Katika zilizokwenda muda wa ziada ilishinda 2 na kupoteza 12.

Mashabiki walisema kikosi hakina moyo, nyota hawaelewani, pesa zimewalevya. Mwaka uliofuata nyota wake Juan Soto alikuwa ameshapelekwa New York Yankees na bajeti ya mishahara imepunguzwa, lakini Padres ikashinda mechi 93. Ile ya 2023 ilikuwa timu nzuri iliyoangukiwa na matokeo, na aliyetazama tofauti ya alama alikuwa na sababu ya kutulia tangu Septemba.

Kuna upande wa pili, na huu mashabiki hawapendi kuusikia. Seattle Mariners ya 2021 ilishinda mechi 90 huku tofauti yake ikiwa −51. Texas Rangers ya 2016 ilishinda 95 ikiwa na +8 tu, kwa sababu katika mechi za alama moja ilishinda 36 na kupoteza 11. Mwaka uliofuata Rangers ikaporomoka hadi ushindi 78. Ukiwa juu ya msimamo kwa mtindo huo, furahi, lakini usikubali uongozi ukuambie kikosi kimekamilika na hakihitaji usajili.

Ushindi wa alama moja hauhami vizuri kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Muda wa ziada una bahati zaidi, maana tangu 2020, katika msimu wa kawaida, kila iningi ya ziada (iningi ni zamu ya kila timu kupiga, na mechi ina tisa) huanza na mkimbiaji akiwa tayari besi ya pili, na mpigo mmoja dhaifu unaweza kumaliza usiku.

Sababu moja ya kweli inaweza kujificha humo: warushaji wa akiba, wale wanaoingia kulinda uongozi katika iningi za saba, nane na tisa. Usiwapime kwa mechi walizopoteza. Hesabu besi za bure wanazogawa (mpigaji hupewa besi ya kwanza mrushaji akikosea shabaha mara nne), kisha hesabu wapigaji wanaowatoa bila gongo kugusa mpira. Kama wanagawa besi za bure ovyo, hilo ni tatizo halisi na halitaondoka kwa kusubiri. Kama namba zao ni nzuri lakini mipira inadondokea penye uwazi, wape muda.

Dalili: tuna nyota, hatuna ushindi

Kwa misimu sita, 2018 hadi 2023, Los Angeles Angels ilikuwa na Shohei Ohtani na Mike Trout pamoja. Katika kipindi hicho Trout alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara moja na Ohtani mara mbili. Timu haikumaliza hata msimu mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo.

Shabiki wa soka hapa huchanganyikiwa, na ana haki. Katika soka unaweza kumpa nyota mpira kila shambulio. Katika besiboli zamu ni zamu: mpigaji bora duniani hupiga mara nne au tano, kisha anakaa chini huku wenzake wanane wakipiga. Mrushaji wa kuanza huingia mara moja kila siku tano au sita, mechi kama 32 kwa msimu, na zilizobaki 130 anazitazama akiwa benchi.

Wachambuzi hukadiria kwamba timu iliyojaa wachezaji wa bei ya chini kabisa, wale wanaopatikana wakati wowote, ingeshinda mechi kama 48. Mchezaji wa kiwango cha juu kabisa huongeza ushindi 8, akiwa na mwaka wa ajabu 10. Weka wawili wa namna hiyo juu ya msingi huo na umefika 64 au 68. Ili ufike 90, wengine zaidi ya ishirini lazima wachangie.

Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates mwaka 2025 aliruhusu wastani wa alama 1.97 kwa kila iningi tisa, akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Rekodi yake ya ushindi na vipigo ilikuwa 10–10. Wenzake walishindwa kumfungia alama. Ukiona namba kama hizo, acha kumjadili nyota. Kagua wapigaji wa nafasi ya sita hadi ya tisa, na mrushaji wa nne na wa tano. Ugonjwa uko huko, na ndiko timu bahili hubana matumizi kwanza.

Dalili: kila mtu anataka kocha atimuliwe

White Sox ilimtimua Pedro Grifol Agosti 2024. Chini ya Grady Sizemore ikashinda 13 na kupoteza 32. Rockies ilimwondoa Bud Black Mei 2025, na baada yake ikashinda 36 na kupoteza 86: afadhali, lakini bado mkiani kwa mbali.

Philadelphia Phillies ilimtimua Joe Girardi Juni 2022 ikiwa na ushindi 22 na vipigo 29. Rob Thomson akaiongoza kushinda 65 na kupoteza 46, hadi World Series. Kilichozitofautisha timu hizi ni kikosi. Phillies ilikuwa na Bryce Harper, mchezaji bora wa ligi yake mwaka uliotangulia, Zack Wheeler kwenye urushaji, na Kyle Schwarber aliyemaliza msimu akiongoza ligi hiyo kwa kupeleka mipira 46 nje ya uwanja. Kocha mpya anaweza kufungua kikosi kilichokwama. Hawezi kukiumba.

Kwa hiyo jiulize swali moja kabla ya kupiga kelele: kama leo timu nyingine zingeruhusiwa kuchukua wachezaji wetu, zingegombania wangapi? Jibu likiwa wawili, kocha hana kosa kubwa.

Dalili: majeruhi wamejaa

Hapa fupi. Bega na kiwiko cha mrushaji havikuumbwa kwa kazi wanayopewa, na upasuaji wa kano ya kiwiko uliopewa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, humweka mtu nje mwaka mmoja au zaidi. Atlanta Braves iliingia mtoano miaka saba mfululizo, kisha mwaka 2025 warushaji wake wa kuanza wakaanguka mmoja baada ya mwingine, ikaishia na ushindi 76.

Majeruhi ni sababu halali. Lakini pima pia uongozi ulivyojibu. Julai 2021 Braves hiyohiyo ilimpoteza Ronald Acuña Jr., mchezaji wake bora, kwa msimu mzima uliobaki. Kabla dirisha la usajili halijafungwa ikaleta Joc Pederson, Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya National League, Soler akawa mchezaji bora wa World Series, na timu iliyoshinda mechi 88 tu ikawa bingwa. Uongozi unaosema "tuna majeruhi" Julai na usisajili yeyote umeshakata tamaa bila kukuambia.

Dalili: pesa zimemwagwa, ushindi haupo

New York Mets ya 2023 ilikuwa na bajeti kubwa ya mishahara kuliko timu yoyote iliyowahi kuundwa hadi wakati huo. Max Scherzer na Justin Verlander walilipwa zaidi ya dola milioni 43 kila mmoja. Ikashinda mechi 75, na kufikia tarehe 1 Agosti wazee hao wawili walikuwa wameshapelekwa kwingine.

Sababu imo ndani ya mkataba wa ligi na chama cha wachezaji. Miaka mitatu ya mwanzo mchezaji hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Hadi atimize miaka sita ya utumishi hayuko huru kwenda atakako. Kwa hiyo wengi huingia sokoni wakiwa na miaka 29 au 30, baada ya ubora wao wa juu. Anayenunua sokoni hununua zaidi jana kuliko kesho. Soto ni wa kipekee kwa sababu aliingia sokoni akiwa na miaka 26, ndiyo maana Mets ilimpa dola milioni 765 kwa miaka 15. Hata hivyo katika 2025, mwaka wake wa kwanza, timu iliyokuwa na ushindi 45 na vipigo 24 katikati ya Juni ilimaliza na 83 na 79, nje ya mtoano.

Kipimo: tazama umri wa wachezaji watano wanaolipwa zaidi, kisha hesabu vijana chini ya miaka 26 wanaoanza. Timu yenye mishahara mikubwa bila vijana wanaolipwa kidogo haiwezi kuziba pengo mtu akiumia.

Dalili: tunaambiwa tunajenga upya, na miaka inakwenda

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na nitakaa kidogo.

Kujenga upya kupo. Houston Astros ilipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013. Kwa nafasi za juu za drafti, zamu ya timu kuchagua wachezaji chipukizi, ikampata Carlos Correa, baadaye Alex Bregman, na mwaka 2017 ikabeba World Series, ubingwa ambao baadaye ligi ilithibitisha kuwa timu iliiba ishara za wapinzani kwa kamera msimu huo. Chicago Cubs ilipoteza 101 mwaka 2012, na 2016 ikavunja ukame uliodumu tangu 1908. Baltimore Orioles ilipoteza 115 mwaka 2018 na 110 mwaka 2021, kisha 2023 ikashinda 101.

Shida ni kwamba mafanikio hayo yaliwapa wamiliki wote kisingizio kimoja. Kufungwa kukaitwa mpango. Timu zikawa nyingi zinazopoteza kwa makusudi, hadi mkataba wa ligi na wachezaji wa 2022 ukaleta bahati nasibu kwa nafasi sita za mwanzo za drafti, ili kushika mkia kusikuhakikishie chaguo la kwanza. Ukaongeza kwamba timu isiyopokea mgawo wa mapato, zile pesa ambazo timu tajiri huchangia maskini, haiwezi kuingia bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo. Ndiyo maana White Sox, baada ya vipigo 121, ilichagua nafasi ya 10 mwaka 2025.

Kutenganisha mpango na ubahili, fuatilia mambo haya. Vijana waliochaguliwa wanapanda madaraja ya ligi ndogo kila mwaka, au majina yaleyale yamekwama? Walimu wa urushaji na upigaji wameongezwa? Milango ya nje ya nchi imefunguliwa? Pittsburgh, kwa mfano, ilimsaini David Matoma, mrushaji kijana kutoka Uganda, na hilo ni jambo la kupongeza. Dodgers nao wamesaini vijana wa Uganda, kwa hiyo huko pia tajiri hajalala. Kisha swali zito: vijana walipoiva, mmiliki alitoa pesa kuwazunguka na wazoefu?

Orioles ilijikwaa hapo. Ilikuwa na vijana wanaoonewa wivu na ligi nzima, lakini ilimwacha Corbin Burnes aondoke baada ya 2024 bila kumpata wa kiwango chake, na 2025 ikashinda 75. Pirates hali ni ya kusikitisha zaidi. Kuanzia 1993 hadi 2012 ilimaliza misimu 20 mfululizo ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Ikaingia mtoano 2013, 2014 na 2015. Tangu hapo hadi 2025 haijarudi, na sasa ina Skenes, ambaye saa yake ya miaka sita inakimbia.

Wakati mwingine ugonjwa ni mmiliki mwenyewe, na hakuna kipimo cha uwanjani kinachomfikia. Oakland Athletics, ambayo mwaka 2002 ilishinda mechi 103 kwa mishahara ya takriban dola milioni 40 na kuifundisha dunia nzima kutafuta thamani, ilipoteza 112 mwaka 2023 huku mmiliki akihangaikia kuihamishia Las Vegas. Juni mwaka huo mashabiki zaidi ya 27,000 walijaza uwanja siku moja kumwonyesha kwamba tatizo halikuwa wao. Msimu wa 2024 ulipokwisha timu iliondoka Oakland. Mashabiki wale walifanya kila linalowezekana kwa shabiki, na ninawaheshimu kuliko bingwa yeyote.

Dalili: kila mwaka ni Dodgers

Los Angeles Dodgers ilichukua ubingwa 2020, 2024 na 2025. Ina Ohtani kwa dola milioni 700 za miaka kumi, ambapo 680 zitalipwa baada ya mkataba kwisha, na Yoshinobu Yamamoto kwa 325. Mwaka 2025 mishahara yake ilizidi dola milioni 300 huku Miami Marlins ikiwa chini ya 100. Je, ligi imekufa?

Anza na mataji. Kuanzia 2001 hadi 2025 timu 16 tofauti zimekuwa bingwa. Tangu Yankees ya 1998 hadi 2000, hakuna aliyetetea taji mpaka Dodgers 2025, tena kwa kuipiku Toronto 5–4 katika iningi ya 11 ya mechi ya saba. Ujerumani, Bayern Munich ilichukua ubingwa wa soka mara 11 mfululizo kati ya 2013 na 2023. Kwa kipimo cha mataji, besiboli ina afya.

Lakini kipimo hicho hakitoshi, na wanaotetea hali ilivyo hukipenda kupita kiasi. Mtoano ni mfupi. Timu yenye nafasi 55 kwa 100 katika kila mechi itashinda mfululizo wa mechi saba, ambapo anayewahi ushindi nne husonga, mara kama 61 tu kwa 100. Mwaka 2023 Braves yenye ushindi 104, Orioles yenye 101 na Dodgers yenye 100 zilitolewa zote kwenye mfululizo wao wa kwanza, na fainali wakakutana Texas iliyoshinda 90 na Arizona iliyoshinda 84. Oktoba inachanganya karata, na kwa hilo inaficha nani alikuwa na nguvu msimu mzima.

Tazama basi nani anaingia Oktoba. Dodgers imeingia kila mwaka tangu 2013. Pesa hainunui kombe, lakini inanunua tiketi ya kila mwaka, na mwenye tiketi 13 atashinda zaidi ya mwenye mbili.

Hapohapo kuna ushahidi wa upande wa pili. Milwaukee, mji wenye soko dogo kuliko yote ya ligi, umeingia mtoano mara saba kati ya 2018 na 2025. Mwaka 2025 timu yake, Brewers, ilishinda 97, rekodi bora ya ligi nzima, na kuifunga Dodgers mechi zote sita za msimu wa kawaida. Ilipofika Oktoba Dodgers ikawatoa kwa mechi 4–0, na mechi ya mwisho Ohtani akatoa wapigaji kumi akiwa mrushaji na kupeleka mipira mitatu nje ya uwanja akiwa mpigaji. Wakati huohuo Angels, iliyoko jirani na soko lilelile la Los Angeles, haijaingia mtoano tangu 2014. Kwa hiyo anayesema timu ndogo haiwezi anamtetea mmiliki wake bila kujua.

Pengo linatoka wapi hasa? Mapato ya televisheni ya mji. Dodgers iliingia mkataba wa miaka 25 wa dola bilioni 8.35 mwaka 2013. Kampuni ya Diamond Sports, iliyorusha mechi za timu nyingi nyingine, iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2023, na timu kadhaa zikapoteza mapato zilizoyategemea. Ligi hukusanya asilimia 48 ya mapato ya ndani ya kila timu na kugawa sawa, na kuna kodi kwa anayevuka kiwango cha mishahara, dola milioni 241 mwaka 2025. Malipo ya baadaye hupunguza hesabu hiyo: Ohtani wa milioni 70 kwa mwaka huhesabiwa kama 46.

Kinachokosekana ni sakafu. Hakuna kiwango cha chini cha jumla ya mishahara ambacho timu inalazimishwa kulipa wachezaji wake. Mmiliki anaweza kupokea mgawo, kushika mkia bila hofu ya kushuka daraja, na bado akapata faida. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko dhidi ya Pirates, Marlins, Rays na Athletics kuhusu matumizi ya pesa za mgawo. Naamini hapo ndipo uwiano wa ligi unapovuja: Dodgers inajitahidi kushinda, kazi ambayo kila timu inapaswa kufanya, na wengine hawalazimiki hata kujaribu.

Wamiliki wengi wanataka ukomo wa juu wa mishahara kama ule wa ligi za NFL na NBA. Wachezaji waliukataa mwaka 1994 kwa mgomo uliofuta World Series nzima, wakati Montreal Expos, timu isiyo na pesa, ikiongoza ligi yote kwa ushindi 74 na vipigo 40. Haikupata nafasi kama ile tena, na 2005 ilihamia Washington. Mkataba wa sasa wa ligi unaishia tarehe 1 Desemba 2026, na hoja ya ukomo iko mezani.

Ukisoma habari za mazungumzo hayo, ruka tarakimu ya juu kwanza. Tafuta kama kuna sakafu, ni dola ngapi, na adhabu ya kuikwepa ni ipi. Tafuta kama mapato ya televisheni yatagawanywa zaidi ya ile asilimia 48. Ukomo ukija peke yake, Dodgers itabana kidogo, Pittsburgh italipa kilekile inacholipa leo, na tofauti itaingia mfukoni mwa wamiliki.